Mbio ndefu Jumapili nakata moto kilomita ya 24, shida ni chakula au mazoezi?

mguu_wa_Tabata:

Habari za humu wakuu. Mi najiandaa na Kili (Kilimanjaro Marathon), ile ya kilomita 42 kamili, mara yangu ya kwanza, maana mwaka jana nlikimbia nusu nikamaliza vizuri tu nikajidanganya nimeshaiva. Nina miaka 34, kilo 62, kazi ya kukaa ofisini. Jumatatu napumzika, Jumanne spidi (mita 800 mara sita), Jumatano nyepesi dakika 45, Alhamisi kilomita 12 za kukaza, Ijumaa nalala au nyepesi, Jumamosi kilomita 8 za taratibu, Jumapili ndo mbio ndefu, saiz niko 28 mpaka 30.

Tatizo ni hiyo Jumapili. Wiki tatu mfululizo nikifika kilomita ya 24 nakata moto. Siyo kuchoka kwa kawaida, yani miguu inakuwa kama ya kuazima, nasikia baridi na jua la Dar limeshawaka, alafu hasira, juzi nimemgombeza bodaboda ambaye hata hakunikosea, jamaa wa watu alikuwa ananipisha. Nikamalizia kwa kutembea mpaka Buguruni nikapanda daladala na jasho langu, konda akaniambia nikae dirishani.

Kuhusu kula: asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku ugali dagaa au ugali mchicha. Kila siku hivyohivyo niwe nimekimbia niwe nimelala. Jumamosi ndo inavurugika, nakuwa kwenye mihangaiko, mchana mara nyingi napitiliza, jioni nakutana na washkaji nyama choma, ndizi ya kuchoma moja, bia mbili, nalala. Jumapili saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, sijala kitu, maji tu. Nikirudi napiga supu nalala mpaka jioni, na Jumatatu ndo njaa inaamka, hapo nakula kama nimetoka jela.

Mwenzangu wa klabu ya joging kanambia ninunue zile jeli za wakimbiaji, moja tu ni hela ya sahani kadhaa za wali. Na kitambi kidogo bado kipo naogopa nikiongeza kula kitakua. Nifanyeje?

---

Mzee wa Pasua:

Mkuu umejijibu mwenyewe humo ndani ila hujajisikia. Chakula unacho cha kutosha, ila kinakuja siku ambayo siyo yake. Jumatatu umelala unakula kama jeshi, Jumamosi unatakiwa ujaze tanki unakula mshikaki na bia.

Ngoja nikupe hesabu ya haraka. Kukimbia kunakula kama kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, we kilo 62 mara kilomita 30 inakuja 1,860. Hiyo ni karibu nusu kilo ya unga wa mahindi, mkavu, haujasongwa. Sasa wanga mwilini unakaa kwenye misuli na kwenye ini, ndo hiyo wanaita glaikojeni, na ghala lenyewe siyo kubwa, mtu wa saizi yetu likijaa kabisa ni gramu 400 mpaka 500 hivi. Mafuta ya mwili yapo mengi hata kwa mtu mwembamba ila yanaungua polepole, pesi (kasi yako) ikipanda kidogo tu mwili unadai wanga. We Jumamosi asubuhi unatoa kilomita 8, mchana hurudishi, usiku kucha ini linalisha ubongo, alfajiri unatoka na tanki nusu. Kufika 24 mi nakupongeza kwa kweli. Na hiyo baridi na hasira ni sukari ya damu imeshuka, bodaboda umemuonea.

Utaratibu ambao watu wa lishe ya michezo wanautumia ni kwamba wanga ufuate kazi ya siku. Siku ya kulala gramu 3 mpaka 5 kwa kila kilo yako. Siku ya mazoezi ya kama saa moja, 5 mpaka 7. Siku za saa moja mpaka tatu, 6 mpaka 10. Zile siku mbili za mwisho kabla ya marathoni wanapandisha 10 mpaka 12. Kwaiyo we Jumatatu yako gramu 250 zinatosha, lakini Jumamosi nataka nione 450 au 500. Protini haipandi na kushuka hivyo, kaa kama gramu 1.5 kwa kilo kila siku, dagaa zako na maharage vinafanya kazi nzuri, ongeza yai.

Najua utauliza gramu 500 za wanga zinafananaje. Mi nlikuwa nakadiria kwa macho mpaka siku moja nikabeba sahani ya mama ntilie wangu nikaipeleka kwa mangi dukani anipimie kwenye mizani ya sukari. Watu walicheka. Wali peke yake ulikuwa gramu 420, na mimi siku zote naona ni mlima, kumbe wanga humo ni kama gramu 115 basi. Unga mkavu robo kilo ni kama 190. Chapati ya wastani 40 na zaidi kidogo, ndizi mbivu 25, soda ya chupa ndogo 30 na ushee, kijiko cha sukari kilichojaa 5. Piga hesabu ya Jumamosi yako uone, mi nimeipiga hapa haifiki 200, na mchana ukipitiliza ndo kabisa.

Alafu njiani. Kilomita 30 kwa pesi yako ni masaa matatu na zaidi, huwezi kwenda na maji matupu. Gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, anza kula dakika ya 30 au 40 usisubiri uchoke. Jeli ni nzuri sababu ni rahisi kubeba, siyo uchawi. Maji lita moja, sukari gramu 60 (vijiko 12 vya chai vilivyojaa), chumvi robo kijiko, kamulia ndimu, umemaliza. Au tende. Ila chochote utakachotumia Kili kijaribu kwanza huku kwenye mazoezi, ule mlima wa kwenda Mweka siyo mahali pa kujuana na tumbo lako.

---

chapo_dondo_254:

Wacha nichangie kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi si bingwa, mimi ni wa kukimbia na kufungua duka, lakini nimekulia karibu na makambi ya wanariadha na nimekula kwenye hizo meza. Watu hufikiri kuna siri. Siri ni kwamba jamaa akirudi saa mbili asubuhi hajavua hata viatu vizuri, chai iko tayari. Chai ya maziwa, sukari mpaka kijiko kisimame, mkate au viazi vitamu. Hapo hapo. Si kwanza aoge, si kwanza aangalie simu. Lunchi wali na madondo (maharage) ama viazi, jioni ugali kwa sukuma wiki na maziwa, nyama ni ya kuonja tu. Kuna watafiti walienda kambi moja ya Bonde la Ufa wakapimia wanariadha kumi chakula chote kwa wiki nzima, wakachapisha mwaka 2004, walipata zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwa wanga, kama gramu 10 kwa kila kilo ya mwili, na sukari ya kawaida peke yake ni kama moja kwa tano ya nishati yote. Sukari! Hii unayoogopeshwa nayo kila siku. Lakini hao ni watu wanakimbia mara mbili tatu kwa siku, usisome hapo ukaenda kuweka vijiko sita kwa chai ya ofisini.

Lile nataka kusema ni hili la siku nzito kupata chakula kizito. Huko kambini haliandikwi popote, ni sufuria tu. Siku ya kazi ngumu sufuria hurudishwa jikoni mara ya pili, Jumapili watu wako kanisani na wamelala na unaona ugali inabaki. Mwili unaomba wenyewe. Shida yetu sisi wa ofisi ni kwamba njaa hutuchelewesha siku moja, unakimbia Jumapili jua linakata hamu, unasikia njaa Jumatatu.

Na hiyo chai ya rangi yako usinywe pamoja na dagaa na mchicha. Majani ya chai hushika madini ya chuma hayaingii mwilini vizuri. Ngoja saa moja hivi. Kula chungwa ama ukamulie ndimu kwa mboga, hiyo nayo husaidia chuma kuingia.

---

simba_wa_mafuta:

Tofauti na wachangiaji, naona mnamharibu mtu. Wanga wanga wanga. Mimi nakimbia sijala miaka minne, mwili umezoea kuchoma mafuta, nakwenda kilomita 20 kwa kikombe cha kahawa. Babu zetu waliwinda na matumbo matupu. Mzee punguza ugali, mwili utajifunza.

---

Mzee wa Pasua:

@simba_wa_mafuta sikatai mkuu, kilomita 20 za taratibu hata mimi naenda na kahawa, na siku moja ya wiki kukimbia nyepesi bila kula haina neno kama mtu yuko sawa. Ila kashasema anataka 42. Louise Burke, mtafiti wa lishe ya michezo, na wenzake kule Australia waliwachukua watembeaji wa mashindano, wale wa viwango vya dunia, wengine wakala wanga mwingi wengine wakala mafuta tupu kwa wiki tatu, matokeo yalitoka 2017. Wa mafuta kweli walichoma mafuta mengi kupita kiasi, hapo we uko sahihi. Lakini walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, na kwenye mbio za kilomita 10 wenzao waliboresha muda, wao hawakuboresha. Kipchoge mwenyewe kule Vienna 2019, alipomaliza kilomita 42 kwa 1:59:40, alikuwa anapokezwa chupa za kinywaji cha wanga njia nzima. Babu alikuwa anawinda swala mkuu, alikuwa hakimbizani na saa.

---

simba_wa_mafuta:

Haya tutaona Mweka 😂

---

dada_wa_Njiro:

Samahanini naingilia, ila nimesoma hapo juu "Jumatatu gramu 250 zinatosha" nikashtuka kidogo, siyo kwamba ni uongo, ila najua jinsi watu watakavyoisoma. Hasa mwenye kitambi anachotaka kiondoke.

Mi ni nesi, nakimbia miaka saba. Mwaka juzi nilipandisha kutoka kilomita 50 kwa wiki mpaka 90, zamu za usiku hapohapo, na kula nikaacha kulekule, tena siku za kupumzika nikawa nabana kabisa, asubuhi chai, mchana parachichi na yai, jioni supu, nikijisifu nina nidhamu. Mwanzoni nilipata spidi, mwili ulikuwa mwepesi kila mtu ananiuliza natumia nini. Kisha hedhi ikapotea. Mwezi wa kwanza nikapima mimba, hakuna. Mwezi wa pili wa tatu nikasema aah afadhali, usumbufu umepungua. Nesi mzima! Mwezi wa tano nikaanza kuumwa mfupa wa muundi, sehemu moja tu ndogo, ukiibonyeza kwa kidole unaruka. Nikawa nafunga bandeji naendelea. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Wiki nane sikukimbia na nilikaa karibu mwaka kurudi nilipokuwa.

Mwili ukitumia nishati nyingi kwenye mazoezi na chakula ni kidogo, hausimamishi mazoezi, unasimamisha vingine. Unazima uzazi, unapunguza kujenga mifupa, usingizi unaharibika, mafua kila wiki. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa waraka juu ya hili mwaka 2014 na wakasema wazi kwamba siyo la wanawake tu. Kaka zangu na nyie mkiona hamu ya tendo imepotea na asubuhi kimya, msikimbilie mitishamba, angalieni sahani kwanza.

Kwaiyo kaka wa Tabata, siku ya kupumzika punguza kidogo wanga wa ziada, soda, maandazi, chapati ya tatu, hivyo sawa. Milo mitatu ibaki mitatu. Jumatatu ndo misuli inakarabatiwa kutoka Jumapili, mafundi wapo kazini na wewe unawanyima saruji. Njaa yako ya Jumatatu ni deni la Jumamosi na Jumapili, ukilipa mapema itapungua yenyewe, na nadhani na kitambi kitakuwa kimetokea hapohapo, kwenye kula usiku wa manane kwa njaa ya jana. Na ukiweza pima damu, feritini pia (kipimo cha akiba ya chuma) siyo wekundu wa damu peke yake, wekundu unaweza kuwa sawa na akiba ya chuma imekwisha.

---

Mzee wa Pasua:

Dada umenisahihisha vizuri, nakubali. Nilimaanisha ule mlima wa Jumatatu, sikumaanisha afunge.

---

pweza_wa_Unguja:

Kufunga ndo kumenileta. Sisi huku mwezi wa Ramadhani hatuachi kukimbia na mimi nimejifunza mambo yote haya kwa njia ngumu maana huna pa kujificha, chakula kina milango miwili tu. Mazoezi mazito nayaweka usiku baada ya taraweh, nimeshafuturu tende na uji, mihogo na viazi vya nazi kwa kiasi, nikirudi nakula tena wali, na daku nakula kweli siyo kunywa maji na kurudi kulala. Mbio ndefu mwezi huo sizifanyi, nusu yake inatosha. Siku nyepesi nakimbia dakika 30 au 40 karibu na magharibi, nikimaliza adhana hiyo. Mwaka mmoja nilijaribu kilomita 18 saa kumi jioni nimefunga, nilikaa kwenye baraza ya watu nisiowajua nikisubiri jua lizame, bi mkubwa wa nyumba akatoka na jagi la maji akaniwekea pembeni, hakusema neno, akarudi ndani. Ile aibu sijaisahau.

Tende njiani ni nzuri sana lakini toa kokwa nyumbani kabla.

---

mguu_wa_Tabata:

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa, na huu ni mrefu kidogo.

Wiki hii nimefanya hivi. Jumatatu nimekula kawaida, milo mitatu, sikujaza. Jumanne na Alhamisi siku za kazi ngumu nimeongeza ndizi mbili saa kumi jioni kabla ya mazoezi na nikirudi tu maziwa nusu lita na mkate, nilivyoambiwa na mdau wa Kenya, hata viatu sikuvua, mke wangu kaniuliza kama kuna moto. Jumatano na Ijumaa kama kawaida. Jumamosi ndo nimeifanyia kazi: asubuhi baada ya zile 8 uji wenye sukari na chapati tatu, mchana wali sahani kubwa (nilimwambia mama ntilie aongeze nusu, akanitoza ya nusu, haki yake), saa kumi ndizi na juisi ya miwa, usiku ugali mkubwa na maharage. Nyama choma nikaaga mapema, bia sikunywa. Alfajiri saa kumi chai ya sukari na vipande vinne vya mkate na jamu, saa kumi na moja na nusu nikatoka. Njiani tende kumi na mbili ndogo kwenye mfuko wa nailoni na chupa mbili za yale maji ya sukari na chumvi, ya pili shemeji aliniletea kwa pikipiki pale kilomita ya 17.

Kilomita ya 24 ilipita sijaiona! Nimekuja kushtuka saa inasoma 26. Nimemaliza 30, na kilomita tano za mwisho zimekuwa na kasi kuliko tano za mwanzo, haijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Lakini wakuu mbona hamkuniambia kuhusu maharage. Kilomita ya 18 tumbo lilianza kuongea, ya 20 likawa linapiga kelele, nikaomba choo kwenye kituo cha mafuta, jamaa akanitazama juu mpaka chini na kibukta changu akanipa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha bomba cha urefu wa mkono. Dakika sita zimepotea humo.

---

Mzee wa Pasua:

😂😂 hilo kosa langu. Usiku wa kuamkia mbio ndefu achana na maharage, dona, mchicha na kabichi, vyote vyenye nyuzi nyingi. Wali mweupe au ugali wa sembe, samaki au yai, mchuzi mwepesi, umelala. Maharage yako yahamishie Jumapili mchana, hapo tumbo lingurume litakavyo uko nyumbani. Na kula saa kumi alfajiri umefanya vizuri, saa moja na nusu kabla, siku ya Kili jitahidi yawe masaa mawili mpaka matatu.

---

chapo_dondo_254:

Bomba la urefu wa mkono, nimecheka mpaka mteja ameniuliza kama niko sawa. Pongezi lakini. Ukiwa na hizo 30 zimeingia tumboni na miguuni, sasa jaribu kwa kupanda kilima, maana kula wakati unapanda pumzi ni ngumu, tende hukwama. Kunywa chini, kabla mlima uanze.

---

dada_wa_Njiro:

Hongera kaka. Jumatatu leo, umekula nini?

---

mguu_wa_Tabata:

Dada nimekula saa moja asubuhi chapati mbili na mayai mawili, mchana wali dagaa, sasa hivi nasubiri ugali. Njaa ipo ila haina ile fujo. Tangu Simbu wetu achukue dhahabu ya marathoni Tokyo mwaka 2025 huku mtaani kila mtu kawa mwanariadha, sasa klabu nzima wanataka recepi ya maji ya chumvi, na yule wa jeli kaniuliza zile tende nilinunua Kariakoo upande gani.